Diploma kwanza, digrii baadaye: je, kweli "digrii ya kuungaunga" haina soko?

"Mwalimu shikamoo. Nina miaka 27, nilimaliza diploma ya uhasibu na biashara miaka minne iliyopita nikiwa na wastani mzuri tu. Nafanya kazi kama msaidizi wa mhasibu na tangu nianze sijapanda. Nataka kuendelea na digrii ya usimamizi wa biashara, kuna chuo wameniambia kwa simu kwamba nitaingia mwaka wa pili moja kwa moja. Sasa wenzangu ofisini wananikatisha tamaa, wanasema digrii ya kuungaunga haina soko, waajiri wanataka waliotoka sekondari wakaenda chuo kikuu moja kwa moja, nitapoteza hela na miaka halafu nirudi kwenye kiti kilekile. Ni kweli? Na kama siyo kweli mbona kuna kaka hapa kazini alifanya hivyohivyo na mpaka leo yuko palepale? Halafu kwenye CV nikishapata digrii, diploma niiache au niitoe? Naomba ukweli hata kama unauma."

Marahaba mdogo wangu. Nimelisoma swali lako mara mbili na naona ndani yake kuna mambo matatu yamefungwa kwenye kifurushi kimoja: kama cheti chenyewe kina thamani pungufu, kama njia hii inalipa, na huyo kaka wa ofisini imekuwaje. Hilo la mwisho ndilo zito kuliko yote, na huwa nafurahi mtu akiliuliza maana wengi wanaangalia tu waliofanikiwa. Nimefundisha masomo ya biashara na kushauri wanafunzi wa njia hii kwa miaka mingi, nimeona waliotusua na nimeona waliobaki palepale, na tofauti yao mara nyingi ilionekana mapema kabisa, hata kabla hawajalipa ada ya kwanza.

Nianze na cheti. Wenzako wanaongea kana kwamba umepita mlango wa uani, na hapo wamekosea. Kuunganisha diploma na digrii ni kitu kilichojengwa ndani ya mfumo wa elimu wenyewe. Uingereza digrii ya kwanza yenye honazi inahesabiwa krediti 360, yaani vipimo vya kiasi cha masomo uliyomaliza, mtu mwenye HND, ile diploma yao ya juu, anakuwa tayari na 240, kwa hiyo anabakiza 120 tu ambazo ni mwaka mmoja wa masomo. Marekani vyuo vya miaka miwili vinatoa shahada ndogo iitwayo "associate degree" ya krediti kama 60 na digrii kamili ni kama 120, yaani nusu kwa nusu. Ulaya tangu nchi zao zikubaliane kule Bologna, Italia, mwaka 1999 wanahesabu krediti 60 kwa mwaka na digrii ya kwanza ni kati ya 180 na 240. Australia nao wana mwongozo wa taifa unaosema mwenye diploma akienda kwenye digrii ya miaka mitatu katika fani ileile, mazungumzo ya krediti yaanzie kwenye theluthi moja, na mwenye diploma ya juu aanzie kwenye nusu. Unaona? Hakuna aliyekuonea huruma. Umelipa sehemu ya safari mapema, na cheti cha mwisho kwa kawaida hakiandikwi kwamba huyu alipita huku na yule alipita kule.

Ila nisikudanganye, kuna sehemu wenzako wana ukweli kidogo. Zipo programu za kuajiri wahitimu wapya kwenye mabenki makubwa na makampuni makubwa ya ukaguzi, zile zinazochukua vijana kwa mkupuo kila mwaka, ambazo kwa muda mrefu zilichuja watu kwa matokeo ya sekondari na daraja la digrii kabla hata jina lako halijasomwa. Mambo yanabadilika, kwa mfano mwaka 2015 kampuni ya ukaguzi ya EY ya Uingereza ilitangaza kuacha kutumia daraja la digrii kama chujio, lakini si kila mahali wamefanya hivyo. Kama ndoto yako ni programu hizo, basi ulizia vigezo vyao mapema. Kwako wewe lakini mtu wa miaka 27 mwenye miaka minne ya kazi, huo siyo uwanja wako mzuri, na nitakwambia kwa nini.

Mwaka 1973 mchumi Michael Spence, aliyekuja kupata Nobel mwaka 2001, aliandika kwamba elimu inafanya kazi kama ishara sokoni. Maana yake ni hivi, mwajiri hakujui, hawezi kuona ndani yako, kwa hiyo anatumia cheti kukisia. Kijana wa miaka 22 hana kitu kingine cha kuonyesha, hivyo kila alama yake inapimwa kwa darubini. Wewe una kitu kingine, una kazi uliyofanya. Kadiri mwajiri anavyoweza kuona kazi yako ndivyo anavyojali kidogo ulipita njia gani kusoma. Kwa hiyo digrii kwako inafanya kazi moja hasa, inakuondolea ule ukuta wa "awe na shahada" kwenye matangazo ya kazi na kwenye miundo ya vyeo. Ukuta ukishatoka, kinachobaki kukupigania ni kazi yako. Sasa kama kazi yenyewe haina cha kuonyesha... hapo ndipo tunapomfikia yule kaka, lakini subiri kwanza.

Kuna jambo la takwimu lazima uwe macho nalo. Vyuo vinapenda kutangaza asilimia ya wahitimu walioajiriwa. Waliotoka diploma mara nyingi wanaonekana vizuri sana kwenye hesabu hiyo, na sababu ni rahisi, wengi walikuwa na kazi kabla, walisoma wakiwa na kazi, na siku ya kuhojiwa wana kazi ileile! Kwenye fomu inaandikwa "ameajiriwa". Muda wa kuuliza nao unabadilisha picha, Uingereza zamani waliuliza wahitimu kama miezi 6 baada ya kumaliza, siku hizi wanauliza baada ya miezi kama 15, kwa sababu miezi 6 ni mapema mno kujua mtu ametua wapi. Halafu ukilinganisha mishahara ya waliopita diploma na waliopita moja kwa moja hujalinganisha njia peke yake, umelinganisha pia umri, matokeo ya sekondari, uwezo wa familia, na kama mtu alisoma mchana au jioni. Na waliokatia njiani hawamo kabisa kwenye hesabu hiyo, maana siyo wahitimu. Kwa hiyo chuo kikikuonyesha asilimia, uliza maswali mawili tu: wangapi kati ya walioingia kwa diploma walimaliza, na wangapi walibadilisha cheo au kazi ndani ya mwaka mmoja na nusu. Jibu la hayo ndilo la kwako.

Sasa nikupeleke mahali ambapo watu wa njia hii wanaumia kwelikweli, na hapa naomba usome polepole.

Umeniandikia kwamba chuo "wameniambia kwa simu". Mdogo wangu, hiyo siyo ahadi. Krediti hazihamishwi na mtu wa udahili anayepokea simu, zinaamuliwa na idara, somo kwa somo, wakishaona transkripti yako na muhtasari wa kila somo ulilosoma. Mwaka 2017 ofisi ya ukaguzi ya serikali ya Marekani, GAO, ilitoa ripoti ikikadiria kwamba wanafunzi waliohama vyuo kati ya 2004 na 2009 walipoteza kwa wastani asilimia kama 43 ya krediti walizokuwa nazo. Hiyo ni hesabu ya kila aina ya kuhama, siyo diploma peke yake, na ni nchi yenye mfumo wake, lakini sababu zake utazikuta popote: somo halilingani jina, limepitwa na wakati, chuo hakina makubaliano na kile ulichotoka, au krediti zimepokelewa kweli ila zimewekwa kwenye masomo ya hiari wakati ya lazima unatakiwa uyasome upya. Hiyo ya mwisho ndiyo mbaya kuliko zote. Unaambiwa hongera umepewa krediti zako zote, halafu unakuta bado una miaka mitatu mbele yako.

Na wewe una hatari ya ziada. Diploma yako ni ya uhasibu na biashara, unakwenda kwenye usimamizi wa biashara. Uhasibu wa gharama, kodi, ukaguzi, vitu ulivyovitolea jasho, kwenye usimamizi vinaweza kuonekana ni vya pembeni. Ungeenda digrii ya uhasibu au fedha vingekaa kwenye nafasi yake vizuri. Sikwambii ubadilishe, nakwambia uliza.

Tupige hesabu kidogo, nitatumia mishahara ya miezi badala ya fedha ili uweke namba zako mwenyewe. Tuseme digrii itakuongezea asilimia 30 ya mshahara, huo ni mfano tu. Ukiacha kazi miaka miwili, gharama kubwa siyo ada, ni ile mishahara 24 usiyoipokea. Weka na ada, tuseme sawa na mishahara 8, jumla 32. Nyongeza yako ni 0.3 ya mshahara kwa mwezi, kwa hiyo 32 gawanya kwa 0.3 unapata miezi 107 hivi, karibu miaka tisa ndiyo urudishe gharama. Krediti zikikataliwa ukaongezewa mwaka mmoja, unakuwa mishahara 36 na ada mishahara 12, jumla 48, hapo ni miezi 160, zaidi ya miaka kumi na tatu. Sasa geuza, soma jioni ukiwa kazini kwa miaka mitatu, ada mishahara 12 basi, unarudisha kwa miezi 40. Ni digrii ileile na nyongeza ileile! Ndiyo maana mimi mtu akiniuliza kama inalipa huwa siwezi kujibu kabla sijaona barua ya krediti na ratiba ya masomo.

Jioni nayo ina bei yake, kwenye mwili na kwenye nyumba, na hatari ya kukatia njiani ni kubwa zaidi. Nusu ya digrii sokoni haihesabiwi nusu, mwajiri kwa kawaida analipia cheti kilichokamilika. Kwa hiyo chagua mwendo utakaoumaliza hata kama ni wa polepole.

La pili linalowaumiza ni mshtuko wa muhula wa kwanza. Siyo kitu kipya, mwaka 1965 mtafiti wa Marekani John Hills alipitia tafiti za miaka mingi kuhusu wanafunzi waliotoka vyuo vya miaka miwili, akakuta alama zao zinashuka wakishahamia halafu wengi zinapanda tena taratibu. Kwa masomo ya biashara naweza kukuonyesha inavyotokea. Nakumbuka mwanafunzi mmoja, dada makini sana, kazini alikuwa ndiye anayelinganisha daftari la fedha na taarifa ya benki kila mwisho wa mwezi na alikuwa haachi hata senti ielee. Kaingia mwaka wa pili, wiki ya tatu somo la takwimu mwalimu kaandika mlinganyo wa rigresheni ubaoni, akasema "hii mlisoma mwaka jana" akaendelea. Mwaka jana yeye hakuwepo. Darasani wenzake wakawa wanaandika, yeye kalamu imesimama, akaona aibu kuuliza, akaanza kukaa nyuma, wiki ya tano akaacha kuja kipindi kile. Akasapu. Hakuwa mzembe hata kidogo, ni kwamba diploma ilimfundisha namna ya kufanya, digrii ikamuuliza kwa nini inafanywa hivyo na kama ingefanywa vingine ingekuwaje, na katikati ya hayo mawili kulikuwa na daraja la hesabu, uchumi na uandishi ambalo hakuna aliyemwambia kwamba halipo. Alipokuja kuniona tukatafuta noti za takwimu za mwaka wa kwanza, akazisoma likizo yote kuanzia wastani na mtawanyiko, akarudia mtihani akafaulu, na somo la risechi mwaka wa mwisho lilikuwa mojawapo ya alama zake nzuri.

Kwa hiyo ukiingia mwaka wa pili, mwaka wa kwanza uusome nyumbani kabla. Takwimu, hesabu za biashara, uchumi wa msingi, na kuandika insha yenye hoja. Miezi mitatu inatosha kwa mtu mwenye nidhamu. Hasa ukikumbuka kwamba aliyeingia mwaka wa kwanza ana muda wa kujikwaa, vyuo vingi vya Uingereza kwa mfano alama za mwaka wa kwanza haziingii kwenye daraja la mwisho, wakati anayeungia mwaka wa mwisho tu daraja lake lote mara nyingi linatoka kwenye mwaka huo mmoja. Ukijikwaa muhula wa kwanza umeshachelewa.

Sasa yule kaka.

Simjui, lakini nimekutana na wenzake wengi. Alisoma jioni, akavumilia, akamaliza, akapeleka nakala ya cheti kwa watu wa HR, ikawekwa kwenye faili, akasubiri. Mchana kutwa miaka yote ile aliendelea kuingiza vocha na kupanga risiti kama alivyokuwa akifanya na diploma. Ofisini wanamjua kama mtu wa vocha, na cheti hakibadilishi watu wanavyokuona wakati kazi unayofanya mbele yao ni ileile. Tena pengine juu yake hakuna nafasi, mhasibu mkuu yupo na hana mpango wa kuondoka, kwa hiyo hata digrii ingekuwa ya dhahabu hakuna kiti cha kumkalisha. Kwa mtazamo wangu hii ndiyo sababu kubwa inayofanya watu waseme digrii ya kuunga haina soko. Wanaopita moja kwa moja wakimaliza hawana kazi, kwa hiyo wanalazimika kutafuta, wanatuma maombi hamsini, wanahojiwa, wanatua mahali. Mwenye kazi hatafuti. Na nyongeza kubwa ya mshahara mara nyingi huja mtu anapohama kiti, ndani ya ofisi au nje.

Kwa hiyo kwako mpango uanze siku unayoanza masomo. Mwambie bosi wako unasoma, na umwombe jambo moja mahususi, kwa mfano uandae bajeti ya idara moja chini ya uangalizi wake, au uandike yale maelezo mafupi yanayoambatana na ripoti ya mwezi kwa menejimenti. Asaimenti zako zifanye kuhusu matatizo halisi ya kazini bila kutoa siri za ofisi. Mada ya risechi ya mwaka wa mwisho iwe kitu ambacho mwajiri mwingine akikisikia kwenye intavyuu atataka kusikia zaidi. Na miezi sita kabla ya kumaliza anza kuomba kazi nje, hata kama unaipenda ofisi yako. Kama bosi amekataa katakata kukupa chochote kipya, basi hiyo ni taarifa nzuri mno, inakwambia hiki kiti hakina ngazi na upange kuondoka.

Kuna njia nyingine ambayo sijui kama umeifikiria, nayo ni mitihani ya kitaaluma. Kama moyo wako uko kwenye uhasibu wenyewe, kwa kazi nyingi za uhasibu cheti cha taaluma kinapita digrii ya usimamizi. ACCA kwa mfano, cheti cha kimataifa cha wahasibu, kwa muundo uliotumika miaka hii, ina mitihani 13, msamaha unaweza kupata hadi 9 kutegemea ulichosoma, na ile ya juu kabisa hakuna anayesamehewa. Diploma yako inaweza kukusamehe ya mwanzo, na unasoma ukiwa kazini. Ubaya wake ni kwamba ni migumu, watu wanarudia, na kama baadaye utataka kwenda mambo ya rasilimali watu, masoko au uongozi wa jumla, au kazi ambayo sheria ya ajira inasema lazima shahada, haitakufungulia kila mlango. Kusubiri mwaka mmoja ukikusanya ada na kusoma hesabu nayo ni njia halali kabisa, miaka 27 huna cha kukimbiza. Mimi ningekushauri uache kabisa mpango wa usimamizi kama sababu pekee ni kwamba ada yake ni nafuu na masomo yake yanasemwa kuwa mepesi.

Kabla hujalipa chochote kuna mambo siwezi kukufanyia kutoka huku. Chukua transkripti na muhtasari wa masomo ya diploma, nenda mwenyewe ukaonane na mkuu wa idara, usiishie dirisha la udahili, na uombe barua inayotaja somo kwa somo lipi limesamehewa, lipi la lazima limebaki, na utamaliza muhula gani. Wakikataa kuandika, ondoka. Hakikisha kwa mamlaka inayosimamia vyuo kwamba programu hiyo yenyewe imeidhinishwa, maana chuo kinaweza kuwa halali na programu isiwe halali. Kama unategemea mkopo, kaa na mshauri wa fedha wa chuo uso kwa uso uelewe utaanza kulipa lini na kwa makato gani. Na muhula wa kwanza ukiona umeanza kukwepa kipindi kimoja, nenda kwa mwalimu wa somo wiki hiyohiyo, usingoje sapu.

Kuhusu CV, diploma usiitoe. Andika digrii juu, diploma chini yake, na miaka yako ya kazi ionekane kwamba ilikwenda sambamba na masomo, mwajiri makini ataona mtu aliyebeba vyote viwili bila kudondosha. Na kwenye sehemu ya kazi usiandike "nilisaidia shughuli za uhasibu", andika ulishika hesabu ngapi za benki, ulikuwa unafunga mwezi kwa siku ngapi, na kabla yako ilikuwa inachukua siku ngapi. Kama namba hizo hunazo, anza kuziandika mwisho wa mwezi huu.